Mwongozo wa kupata kijiwe chako cha kahawa ukiwa Addis Ababa

Maswali ni yale yale kwa kila anayejiandaa kwenda Addis Ababa. Kahawa nzuri iko wapi? Nitaelewana nao vipi na Kiamhari sikijui? Nikiingia peke yangu, mgeni, hawatanishangaa? Wanaouliza wengine wanakwenda kwenye mikutano ya Umoja wa Afrika, wengine wanapitia uwanja wa Bole wakiwa safarini kwenda Dubai au Guangzhou, wengine wanatembea tu. Majibu yao nimeyaweka hapa kwa mpangilio, hatua kwa hatua.

Nianze na ombi: usiende na orodha ya majina ya mikahawa. Addis inajengwa upya kwa kasi kubwa. Tangu mwaka 2024 sehemu kubwa ya Piazza, mtaa wa zamani kabisa wa mikahawa, imevunjwa, na mtaa wa Kazanchis nao ukafuata. Mahali palipopendekezwa miaka michache iliyopita leo huenda ni barabara mpya. Tena kahawa mbovu ni adimu mjini humo. Ethiopia ndiyo asili ya kahawa aina ya arabika, na takribani nusu ya kahawa inayovunwa nchini hunywewa humo humo, kwa hiyo mnywaji wa kawaida wa mtaani ana ulimi mkali kuliko wageni wengi. Kahawa utaipata tu. Cha kutafuta ni yule mama au binti anayeimimina, atakayekukumbuka ukirudi.

Unachohitaji kabla ya kutoka hotelini

- Birr taslimu, noti ndogo ndogo: za 10, 50 na 100. Vijiwe vya mtaani havipokei kadi za nje, na wenyeji wengi hulipa kwa Telebirr, huduma ya pesa kwa simu, ambayo mgeni wa siku mbili hana. Badilisha fedha benki, hata pale pale uwanja wa ndege. Tangu Julai 2024 thamani ya birr imeachiwa soko, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika na wabadilishaji wa vichochoroni, ambao hata kisheria hawaruhusiwi.
- Laini ya simu ya Ethio Telecom au Safaricom Ethiopia, utaombwa pasipoti. Mkenya asidhani laini yake ya nyumbani itafanya kazi kama ya hapo kwa kuwa jina ni moja. Pakua ramani ya mji mapema, uweze kuitumia bila intaneti.
- Sweta. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi baridi inauma. Kati ya Juni na Septemba ongeza mwavuli.
- Maji ya chupa. Kahawa kali pamoja na mwinuko ule vinaweza kukupa maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio siku ya kwanza.
- Muda usio na miadi, angalau saa moja na nusu.

Na maneno haya machache, ambayo yatakufungulia milango mingi kuliko Kiingereza:

- Selam: salamu ya wakati wowote
- Buna: kahawa. And buna: kahawa moja
- Yale sikuar: bila sukari
- Yichalal?: inawezekana? Litumie kuomba ruhusa ya kukaa, kupiga picha, chochote
- Sint new?: bei gani?
- Hisab: useme unapotaka bili
- Ameseginalehu: asante. Ni refu, litamke polepole, silabi moja moja kama Kiswahili kinavyosomwa

Kuhusu saa, wewe unayesema Kiswahili umebahatika. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua huchomoza kama saa kumi na mbili, kisha inafuata saa moja ya asubuhi. Ukiambiwa kijiwe kinafunguliwa saa mbili, ni saa mbili hiyo hiyo unayoijua. Angalizo ni moja tu: wakiongea nawe kwa Kiingereza, baadhi hugeuza saa kwenda mtindo wa kizungu na baadhi hawageuzi. Uliza mara ya pili, hasa kama una ndege ya kuwahi, maana tiketi hufuata saa ya kimataifa.

Aina mbili za mahali

Kuna kahawa ya jebena na kuna kahawa ya mashine. Jebena ni chungu cha udongo chenye shingo nyembamba, huwekwa juu ya mkaa, na kahawa humiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono vinavyoitwa sini. Hiyo utaikuta barabarani, kwenye vibanda, chini ya ngazi za maghorofa, hata ndani ya kumbi za hoteli. Ya mashine ina historia ya Waitaliano walioikalia nchi kuanzia 1936 hadi 1941. Kinywaji chake kikuu ni makiato, kahawa kali yenye maziwa kidogo. Mfano wake maarufu ni Tomoca ya Piazza, iliyoanza mwaka 1953, ambako wateja hunywa wakiwa wamesimama kwenye meza ndefu za juu. Ipitie ukipenda, ni sehemu ya historia ya mji. Lakini kama unataka mahali pa kufahamika, anza na jebena, kwa sababu pale mnakaa chini, karibu karibu, na mpishi yuko mbele yenu.

Hatua

1. Chagua mtaa mmoja, ule unaoweza kuufikia kwa miguu kutoka unapolala. Wengi hulala Bole. Zunguka nyuma ya barabara kuu, upande wa Bole Medhanialem au Atlas, badala ya kung'ang'ania majengo ya biashara yenye vioo. Kama uko karibu na Arat Kilo, umepata mahali pazuri zaidi: kuna wanafunzi na wafanyakazi wa serikali, na Makumbusho ya Taifa yaliyo na mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, hayako mbali. Usipange kuvuka mji mzima kwa ajili ya kikombe kimoja. Kijiwe kilicho mbali hutakirudia, na kurudi ndiko kunakofanya kazi.

2. Toka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, utembee kwanza bila kukaa popote. Tafuta nyasi mbichi zilizotandazwa chini, meza fupi iliyopangwa sini nyeupe, vigoda, jiko la mkaa, na harufu ya ubani. Vyote vinaonekana kutoka njiani. Hesabu vijiwe vitatu au vinne, vitie alama kwenye ramani.

3. Rudi ukipita tena, safari hii uwaangalie waliokaa. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: wanaangalia usafi wa kiti na kibao cha jina, hawaangalii watu. Kijiwe kizuri kina mchanganyiko. Kuna mlinzi wa jengo la jirani, dereva wa zile teksi za buluu na nyeupe, wadada wawili wa ofisini, mzee mwenye gazeti. Wanawake wakiwepo miongoni mwa wateja, jua mgeni yeyote atakaa kwa amani. Sikiliza kama anayemimina anaongea na wateja au anapokea tu hela. Tazama pia kama mtu anaweza kumaliza kikombe chake akaendelea kukaa bila kusogezwa. Ukiona haya matatu, pamekufaa.

   Onyo: pita moja kwa moja penye mtu wa kukuvuta mkono. Na kuna mchezo unaojulikana sana mjini humo: kijana mchangamfu, pengine anasema ni mwanafunzi, anakukuta Piazza au karibu na Meskel Square, anakualika kwenye sherehe ya kahawa ya nyumbani kwao leo leo. Unakaribishwa chumbani, unamiminiwa, kisha inakuja bili ya kutisha. Mwaliko wa kweli huja baada ya kufahamiana. Hauji kutoka kwa mtu mliyekutana dakika tano zilizopita. Mshukuru, endelea na njia yako.

4. Ingia kwa salamu. Sema selam kwa anayemimina, kisha inamisha kichwa kidogo kwa waliokaa. Onyesha kigoda kitupu uulize yichalal? Usikae kabla ya kujibiwa, na usiweke begi juu ya kigoda cha pili, maana vigoda ni vichache. Kama umewahi kukaa Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Zanzibar, ukanywa kahawa chungu na watu usiowajua, adabu za hapa unazo tayari. Tofauti ni kwamba pwani kwetu muuzaji wa kahawa mara nyingi ni mwanamume mwenye dele lake, na hapa karibu kila mara ni mwanamke. Na mahali pa kashata utapewa bisi, au kolo, yaani shayiri iliyokaangwa.

5. Agiza mapema jinsi unavyoitaka. Sukari hutiwa kwa ukarimu, mara nyingi kikombe kikiwa bado hakijakufikia. Usipotaka, sema yale sikuar wakati anashika sini, si baada ya kumimina. Huenda akakuonyesha kijiti cha jani bichi lenye harufu kali: hilo ni tena adam, na hutumbukizwa kwenye kikombe. Likubali angalau mara moja. Kwa ladha yangu, kahawa ya jebena yenye jani lile ni kitu ambacho mashine yoyote haitaweza kukupa. Huko mashambani wapo wanaotia chumvi au siagi, mjini hutalazimishwa. Kama tumbo lako halistahimili kahawa kali, kwenye mikahawa ya mashine omba spris, ambayo huchanganya chai na kahawa katika glasi moja.

6. Kunywa taratibu. Jebena haichujwi vizuri kila wakati, kwa hiyo acha kikombe kitulie kidogo na ubakize tone la mwisho lenye mashapo. Ukikuta buni zinakaangwa pale pale, utaona anazungusha kikaango mbele ya wateja moshi ukiwa bado unafuka. Anakuletea harufu. Uvute moshi kwa kiganja kuelekea usoni, umtazame, umwonyeshe umefurahi. Ishara hiyo ndogo huondoa ugeni haraka kuliko maneno. Baada ya kukaanga atatwanga, kisha jebena itarudi jikoni.

   Simu iache mfukoni kwa kikombe cha kwanza. Picha uombe baadaye, kwa yichalal? ile ile, na umwonyeshe ulichopiga. Askari, majengo ya serikali na uwanja wa ndege usivipige kabisa.

7. Lipa kwa utulivu. Kwenye jebena ya mtaani unalipa mwishoni, sema hisab. Katika baadhi ya mikahawa ya zamani ya mashine unalipa kwanza kaunta, unapewa kikaratasi, unakipeleka kwa anayetengeneza. Tazama wenzako wanafanyaje. Kama hukuuliza bei, angalia jirani anatoa noti gani. Bakshishi si lazima, ila chenji ndogo ukiiacha itapokelewa vizuri. Usitoe bakshishi kubwa kuliko kahawa yenyewe. Inakugeuza kutoka mteja kuwa mfadhili, na kesho yake hutakaa tena kama wengine.

8. Rudi. Saa ile ile kesho, kigoda kile kile kikiwa kitupu, kahawa ile ile. Usiruke kwenda kujaribu kijiwe kingine kwa kuogopa kwamba unakosa kitu. Mara ya pili ataanza kukumiminia bila kuuliza kuhusu sukari. Mara ya tatu atakuuliza unatoka wapi, na hapo useme Tanzania, Kenya, Kongo, popote. Utashangaa ni wangapi pale wana ndugu Nairobi au walishapita Dar es Salaam. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, na mji umezoea kukisikia kutoka kwa wajumbe. Mfundishe maneno mawili. Watu wa kijiwe wanapenda kufundisha na kufundishwa.

   Kama una siku mbili tu, rudi siku hiyo hiyo jioni, kuanzia saa kumi. Ni wakati watu wanatoka kazini na mazungumzo yanakuwa marefu.

9. Ukialikwa kwa kahawa kamili, nenda ukiwa na muda. Mwaliko unaweza kutoka kwa mwenye kijiwe, kwa mfanyakazi mwenzako wa mkutanoni, au kwa jirani wa kigoda mliyezoeana. Mikono mitupu haipendezi. Kilo ya sukari au buni inatosha. Buni zitaoshwa, zitakaangwa, zitatwangwa kwa kinu, na kahawa itamiminwa mara tatu: abol, kisha tona, kisha baraka. Maji huongezwa kwenye unga ule ule, kwa hiyo cha kwanza ni kikali na cha tatu ni chepesi. Tafadhali usiondoke kabla ya cha tatu. Mwenyeji ametumia saa nzima kwa ajili yako, na baraka ndiyo inayofunga kikao. Ukiona kafeini inakuzidi, kunywa nusu nusu, lakini pokea vikombe vyote.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Hakuna anayejua Kiingereza.* Huhitaji. And buna, yale sikuar, kidole kimoja, tabasamu. Ukikwama, wanafunzi na vijana wa ofisini huwa wanajitolea kutafsiri, na hapo umeshapata jirani wa kuongea naye.

*Umeme umekatika.* Mashine ya makiato imekufa, mkaa haujafa. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na kijiwe cha jebena.

*Ni Jumatano au Ijumaa, na vitafunwa vingi havipo.* Waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa, mayai na siagi siku hizo, na kwa takribani siku 55 kabla ya Pasaka yao. Kahawa nyeusi inaendelea kama kawaida. Uliza sambusa, siku za mfungo mara nyingi ndani yake ni dengu, na ni tamu sana na kahawa. Mwislamu naye atanufaika na siku hizi, maana vyakula vya mfungo havina nyama yoyote. Siku nyingine, uliza kabla ya kula chenye nyama, kwa sababu Ethiopia Waislamu na Wakristo wana mabucha yao tofauti.

*Kijiwe kimefungwa na mtaa uko kimya.* Huenda ni sikukuu. Kalenda yao ni tofauti na ya kwetu: mwaka mpya ni Septemba 11 au 12, Krismasi ni Januari 7, Timkat (sikukuu ya ubatizo wa Yesu) karibu Januari 19, Meskel (sikukuu ya Msalaba) mwishoni mwa Septemba. Siku kama hizo kahawa iko majumbani. Kumbi za hoteli nyingi huwa na jebena yao.

*Moshi wa ubani na mkaa unanibana kifua.* Kaa upande upepo unakotoka, au chagua kijiwe kilicho wazi barabarani. Mwenye pumu aepuke jebena za ndani ya vyumba vidogo.

*Nimeambiwa bei kubwa kuliko jirani yangu.* Uliza tena sint new?, kwa upole, mbele ya wateja wengine. Mara nyingi inajirekebisha yenyewe. Isipojirekebisha, lipa, ondoka, na usirudi hapo. Vingine viwili ulivitia alama kwenye ramani katika hatua ya pili.

*Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu.* Fuata kigezo cha hatua ya tatu bila kulegeza: kijiwe chenye wateja wanawake, mchana, mtaa wenye watu. Kaa karibu na anayemimina. Akiona mtu anakusumbua, yeye ndiye atakayemnyamazisha kwanza.

*Nina saa chache tu za kusubiri ndege.* Kwanza hakikisha kwamba pasipoti yako inakuruhusu kutoka nje ya uwanja, na kwamba zimebaki saa sita au zaidi kabla ya kuruka. Kama ndiyo, usivuke kwenda Piazza. Mitaa ya Bole iko jirani kabisa na uwanja; ita teksi kwa programu ya Ride au Feres ili bei ijulikane kabla, tembea dakika kumi, kaa kijiwe cha kwanza chenye mchanganyiko wa watu, na uanze kurudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege, kwa sababu foleni za ukaguzi Bole huwa ndefu, hasa usiku ndege nyingi zinapoondoka kwa pamoja.